Mkate wa Kiitaliano wenye ganda gumu, uliookwa nyumbani Mwanza

Mkate wa kijijini wa Italia hauhitaji viungo vya ajabu. Ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira kidogo mno. Hauna sukari, maziwa wala siagi. Ladha yake huletwa na muda, na ganda lake huletwa na moto mkali pamoja na mvuke. Anayeuoka kando ya Ziwa Victoria ana jambo moja kubwa la kulitawala, nalo ni joto la jikoni. Maelekezo mengi ya mkate huu yamepangwa kwa jiko la nyuzi joto 18 hadi 21, wakati jiko la nyumba ya bati Igoma au Buhongwa hufika nyuzi 28 mchana bila taabu. Ukifuata saa zilizoandikiwa jiko la baridi, donge litakuwa limeumuka na kuanza kusinyaa hata oveni haijawashwa. Vipimo vya hapa vimepangwa kwa joto letu.

Italia yenyewe ina mikate mingi. Toscana wanaoka mkate usiotiwa chumvi kabisa. Altamura, kule Puglia, wanatumia unga wa ngano ngumu wenye rangi ya njano. Ciabatta, ambayo wengi hudhani ni ya zamani sana, ilibuniwa mwaka 1982 na Arnaldo Cavallari huko Adria, mkoani Veneto. Tunaouoka hapa ni ule wa nyumbani wa mviringo, wenye ganda la kahawia iliyokolea na matundu ya wastani ndani, na unaanza na chachu kavu ya usiku kucha ambayo Waitaliano huiita biga.

Vipimo

Kwa mkate mmoja wa takriban gramu 730 baada ya kuiva:

Biga: unga gramu 200, maji gramu 100, hamira gramu 0.2.
Donge: biga yote, unga gramu 300, maji gramu 250, chumvi gramu 10, hamira gramu 1.

Maji yapimwe kwa mzani pamoja na vingine. Mzani mdogo wa dijitali ndio kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya oveni nzuri, kwa sababu kikombe kimoja cha unga kinaweza kuzidi au kupungua gramu 30 kulingana na ulivyouchota, na tofauti hiyo inatosha kugeuza donge zuri kuwa uji au jiwe. Chumvi gramu 10 ni vijiko viwili vya chai visivyojaa. Hamira gramu 1 ni theluthi ya kijiko cha chai kilichosawazishwa.

Gramu 0.2 haipimiki kwa mzani wa kawaida. Fanya hivi: koroga kijiko kimoja cha chai cha hamira (gramu 3) ndani ya maji gramu 300 mpaka iyeyuke yote, kisha uchote gramu 20 tu za maji hayo. Humo mna gramu 0.2 kamili. Yaliyobaki yaingize kwenye unga wa maandazi.

Unga. Geuza pakiti usome kiasi cha protini kwa gramu 100. Kati ya gramu 11 na 12.5 unafaa sana. Ukikuta 9 au 10, utaweza kuoka, lakini punguza maji ya donge kutoka gramu 250 hadi 225, la sivyo mkate utatambaa na kuwa bapa. Unga uliokwisha kuchanganywa na baking pauda usiuguse kwa kazi hii. Unga wa kupimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi sokoni hunyonya unyevu wakati wa masika, Machi hadi Mei, hivyo huhitaji maji pungufu kidogo kuliko unga uleule mwezi Julai. Ukitaka ladha iliyokolea zaidi, toa gramu 50 za unga mweupe uweke atta, yaani unga wa ngano usiokobolewa. Suji nayo inaingia, lakini suji ya dukani ina chembe nene: iloweke kwanza kwa nusu saa katika sehemu ya maji ya donge, na isizidi gramu 50.

Hamira. Iliyokusudiwa hapa ni ile ya chembe ndogo inayochanganywa moja kwa moja na unga. Hamira ya punje kubwa lazima ilowekwe kwanza katika maji ya vuguvugu kwa dakika kumi. Pakiti ikishafunguliwa, hamira hufa haraka kwenye joto. Itie kwenye kichupa kikavu, ufunge vizuri na uweke kwenye friji. Ukiitilia shaka, weka nusu kijiko katika maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo: isipotoa povu ndani ya dakika kumi, tupa.

Maji. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, ndiyo maana sabuni inatoa povu upesi. Maji laini hufanya donge linate zaidi kidogo kuliko maji magumu ya visima vingi. Kwa hiyo usimwage maji yote kwa mara moja, bakiza gramu 20 za mwisho. Dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba haidhuru hamira ya dukani.

Biga, saa tatu usiku

Changanya gramu 20 za maji ya hamira na gramu 80 za maji ya kawaida. Mimina kidogo kidogo juu ya unga gramu 200 huku ukipekecha kwa ncha za vidole. Usikande. Biga inatakiwa ibaki mabonge mabonge makavu yenye sura mbaya, bila unga mweupe uliobaki chini ya bakuli. Watu wengi wakifika hapa huona imekauka mno wakaongeza maji. Usiongeze. Ukavu huo ndio unaopunguza kasi ya kuchachuka, na hapo ndipo ladha inapojengeka.

Funika kwa sahani au mfuko wa plastiki, uweke mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba: sakafuni, ukuta wa upande usiopigwa na jua la jioni, mbali na friji maana nyuma yake pana joto. Kwenye nyuzi 25 hivi inakuwa tayari baada ya saa 11 hadi 13. Usiku wa Juni na Julai, jiko likishuka hadi nyuzi 20, ipe saa 14 au uanze na gramu 30 za maji ya hamira badala ya 20.

Biga iliyo tayari imekaribia kuongezeka maradufu, ukiipasua ndani ina nyuzinyuzi na vitundu, na harufu yake ni tamu yenye ukali kidogo. Ikinuka kama pombe kali na imeloa majimaji, imepitiliza. Usioke mkate na biga ya namna hiyo: gluteni, yaani utando wa protini unaolishikilia donge, imeshalegea na sukari ya unga imekwisha, utapata mkate uliopauka na usiosimama. Ikate vipande vidogo uitumie kwenye unga wa chapati.

Donge, saa tatu asubuhi

Lengo ni donge lenye nyuzi joto 25 mara tu baada ya kukandwa. Huwezi kupooza jiko zima wala unga, lakini maji unaweza. Hesabu yake: zidisha 25 mara nne upate 100, toa joto la jiko, la unga na la biga, kisha toa nyuzi moja au mbili za msuguano wa mikono. Jiko, unga na biga vyote vikiwa 27, jibu ni nyuzi 17 au 18. Kwa gramu 250, chukua gramu 150 za maji ya bomba na gramu 100 za maji yaliyotoka kwenye friji, utakuwa hapo hapo. Asiye na friji atumie maji ya mtungi uliokaa usiku kucha mahali penye upepo. Hayatafika nyuzi 18, ila yatasaidia. Basi ufupishe muda wa kuumua kwa dakika ishirini hivi.

Changanya unga gramu 300 na maji gramu 230 mpaka usione unga mkavu, funika, uache nusu saa. Katika nusu saa hiyo unga hunywa maji na gluteni huanza kujifunga yenyewe, na kazi ya mkono hupungua. Kisha nyofoa biga vipande vya ukubwa wa kidole gumba utie juu, nyunyiza hamira gramu 1, weka chumvi, na umwagie gramu 20 za maji zilizobaki. Finya kwa vidole mpaka vipande vya biga visionekane, halafu kanda dakika nane hadi kumi. Litanata. Kwa aliyezoea unga wa chapati mkono utamtuma kuongeza unga, na hapo ndipo mikate mingi huharibika. Kila kiganja cha unga unachoongeza kinaziba matundu uliyoyatafuta usiku kucha. Lowesha mkono kwa maji badala yake, tumia kiparuzio cha plastiki au kipande cha kifuniko cha ndoo kukusanya donge, na uendelee. Baada ya dakika ya sita au ya saba utaona linaanza kuachana na kuta za bakuli.

Hamishia kwenye bakuli lililopakwa mafuta kidogo. Sasa kuna saa mbili za kuumuka, na ndani yake mikunjo mitatu, mmoja kila baada ya nusu saa. Namna ya kukunja: lowesha vidole, shika ukingo mmoja wa donge kwa chini, livute juu taratibu mpaka uhisi linakataa, lilaze katikati. Zungusha bakuli robo, rudia, mpaka pande nne ziishe. Mkunjo wa kwanza donge hulegea mkononi. Wa tatu, hukaza na kubaki limeinuka, na utaona malengelenge madogo kando ya bakuli. Likibaki legevu baada ya mkunjo wa tatu, ongeza wa nne.

Kujua limeumuka kiasi gani kwenye bakuli la duara ni vigumu, jicho hudanganywa. Nyofoa kipande cha gramu 50 mara baada ya kukanda, kisukume ndani ya glasi nyembamba iliyonyooka, chora mstari kwa kalamu mahali kilipofika, uweke glasi karibu na bakuli. Kipande kikipanda kwa robo tatu ya kimo chake cha mwanzo, donge lote liko tayari, hata kama saa bado haijafika. Mwezi wa Septemba au Oktoba mchana wa jua kali inaweza kuwa saa moja na nusu tu. Fuata glasi, achana na saa.

Kuumba

Mwaga donge juu ya meza iliyonyunyizwa unga kidogo, rudisha kipande cha kwenye glasi, likusanye liwe mviringo bila kulibana, uliache dakika ishirini. Kisha geuza upande laini uangalie chini, kunja kingo zote kuelekea katikati, geuza tena, na kwa viganja viwili ulivute kuelekea kwako mezani mara tatu au nne mpaka ngozi ya juu ikaze. Ikianza kuchanika, simama, umezidisha.

Kwa kikapu cha kuumulia, kikapu kidogo cha ukindu chenye kipenyo cha sentimita 20 hivi kinafaa kabisa. Tandika kitambaa cha pamba, nyunyiza unga wa mchele ule wa vitumbua. Unga wa mchele haunyonyi maji haraka, hivyo donge halinati, wakati unga wa ngano hugeuka gundi. Weka donge, mshono ukiwa juu, funika.

Dakika 40 hadi 50 zinatosha. Bonyeza kwa kidole kilicholowa, kina cha sentimita moja: kishimo kikirudi upesi, bado, kikirudi polepole na kubakiza alama, oka sasa, kisiporudi kabisa, umechelewa, oka haraka bila kulichana kwa kina.

Kuoka kwa oveni

Washa oveni dakika 40 kabla, nyuzi 240 au mwisho wake, na ndani weka sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko. Sufuria hii hufungia mvuke unaotoka kwenye donge lenyewe. Mvuke huo huweka ngozi laini kwa dakika kumi na tano za mwanzo, mkate upate kuvimba kabla ganda halijakauka. Bila mvuke ganda hukaza mapema, na mkate hupasuka ubavuni unakojisikia wenyewe.

Pindua donge juu ya karatasi ya kuokea, lichane kwa wembe mpya, mstari mmoja wa sentimita 12, kina nusu sentimita, wembe ukilala kidogo. Shusha na karatasi yake ndani ya sufuria, funika. Dakika 22 ukiwa umefunikwa, kisha ondoa mfuniko, shusha moto hadi 220, dakika nyingine 20 mpaka rangi iwe kahawia iliyokolea. Usiogope rangi, mkate uliotolewa ukiwa wa dhahabu hafifu utalainika ganda baada ya saa moja. Oveni ya gesi yenye moto wa chini tu huunguza kitako, kwa hiyo weka trei tupu kwenye ngazi iliyo chini ya sufuria.

Mwenye kipimajoto cha kuchoma asisubiri nyuzi 98 zinazotajwa mara nyingi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ndani ya mkate joto haliwezi kupita hapo. Nyuzi 93 au 94 katikati, umeiva. Asiye nacho agonge kitako kwa kifundo cha kidole. Sauti iwe ya kitu chenye uwazi ndani.

Neno kuhusu mawe, maana mji umejaa miamba na wazo la kuokea juu ya jiwe humjia kila mtu. Usiokote jiwe ufukweni ukalitia kwenye oveni. Jiwe lililonyonya maji likipata moto wa ghafla linaweza kupasuka na kurusha vipande. Tofali la kustahimili moto, kavu, ni salama zaidi.

Kuoka kwa mkaa

Hii njia inatoa mkate mzuri, na umeme ukikatika donge likiwa limeshaumuka, ndiyo itakayoliokoa. Chukua sufuria nzito ya kusubu ya sentimita 26 yenye mfuniko bapa. Ndani weka pete ya waya au sahani ya bati iliyopinduliwa, ili bati la mkate lisigusane na kitako. Pasha sufuria tupu, imefunikwa, dakika 15. Makaa yawe yamekolea, yameshika majivu meupe: vipande nane vya ukubwa wa yai chini, 18 juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe kama mara mbili ya wa chini, na anayegeuza hesabu hiyo hupata mkate uliokuwa mkaa kwa chini na mbichi kwa juu. Nyunyiza unga kidogo ndani ya sufuria. Ukiwa kahawia baada ya dakika moja hivi, joto linatosha. Ukiungua papo hapo, toa makaa mawili ya chini.

Donge liweke kwenye bati la keki lililopakwa mafuta, lichane, lifunike. Usifunue kwa dakika 25. Halafu badilisha makaa ya juu yaliyofifia, inua mfuniko kidogo kwa kijiti ili mvuke utoke, uendelee dakika 20 hadi 25. Fanya kazi hii nje au barazani, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa inaua.

Ukiharibika

Ndani umekuwa mzito, na chini ya ganda kuna pango moja kubwa: donge halikuumuka vya kutosha. Umetambaa na kuwa bapa: liliumuka kupita kiasi, au unga ulikuwa dhaifu kwa maji hayo, au ngozi haikukazwa wakati wa kuumba. Umepauka hata baada ya muda kamili: ama biga ilipitiliza ikala sukari yote, ama oveni haifiki joto inalodai kwenye kitufe, na hilo la pili ni la kawaida kwa oveni ndogo za mezani. Ndani unanata kisuni: umekatwa ukiwa wa moto. Wanga bado unajipanga na mvuke bado unatoka kwa saa mbili baada ya mkate kutolewa. Uweke kwenye wavu, si juu ya meza, maana kitako kitatoa jasho na kulainika. Mkate ulioingia kwenye moto saa saba mchana ukatwe saa kumi alasiri.

Umeme umekatika na mkaa haupo? Donge lililokwisha kuumbwa liweke lote kwenye friji likiwa limefungwa. Friji isiyofunguliwa hubaki na ubaridi kwa saa kadhaa. Ukirudi umeme, pasha oveni na uoke moja kwa moja kutoka kwenye baridi. Friji nayo ikiwa imepoteza ubaridi, litandaze donge kwenye kikaango kizito chenye mafuta, kimo cha sentimita mbili, ulifunike na kulipika kwenye gesi ya moto mdogo, dakika nane kila upande. Matundu makubwa hayatakuwepo, lakini utamu wa biga utabaki.

Ukishapoa, ufunge kwa kitambaa cha pamba au mfuko wa karatasi, sehemu iliyokatwa ikilazwa kwenye ubao. Mfuko wa plastiki hulainisha ganda kwa usiku mmoja, na kwa unyevu wetu huleta ukungu siku ya tatu. Friji ndiyo mbaya zaidi kwa mkate, huufanya mgumu haraka kuliko kuuacha mezani. Friza ni nzuri, ukiwa umekatwa vipande. Siku ya pili na ya tatu, banika kipande kwenye makaa, kisugue kwa kitunguu saumu kibichi, kiweke ndani ya sahani na ukimwagie mchuzi wa sato wa nyanya. Watu wa Livorno, mji wa bandari wa Italia, wanakula mchuzi wao wa samaki, cacciucco, kwa namna hiyo hiyo, na mkate uliokaa siku mbili hunywa mchuzi bila kuvunjika.